Mfuniko wa Dumu la Oili

Siichukii oili ya injini kwa sababu inachafua mikono. Mikono yangu ilishachafuka zamani, na aliyenioa alinioa nayo hivyo hivyo. Naichukia kwa sababu ya maji. Oili ikimwagika unataka maji, unataka sabuni ya unga, halafu unataka maji tena, na mimi nimezaliwa Newala, ambako mtu akimwaga maji hovyo anatazamwa kama ameua kuku wa jirani. Leo naishi Masasi na bomba linatoka siku likijisikia, lakini kichwa changu bado hakijateremka kutoka kule juu mlimani. Nikiona injini imelowa oili naanza kuhesabu madumu ya kuiosha, na kabla sijafika dumu la pili nimeshakasirika.

Kwa hiyo yule bwana alipoleta gari lake la mashindano uani kwangu, limelowa kuanzia boneti mpaka kwenye matairi, nilikasirika kabla hajafungua mdomo. Alipoufungua akanipa sababu nyingine. Alikuwa mnunuzi wa korosho, nimemzidi miaka kumi na zaidi, na hakuniamkia. Alisema tu, "Mama, fundi ni wewe, au nimsubiri fundi?"

Nikamwambia fundi ni mimi, na kama anataka kusubiri, kivuli kipo.

Mikorosho ilikuwa inatoa maua, na uani palijaa mashine za kuipulizia dawa ya salfa. Hizo ndizo zilizonilisha miaka yote. Wakulima waliniletea mashine zao na pikipiki zao, lakini mwenye pikapu au lori alipita mbele ya geti langu kama haoni, akaenda kwa wanaume. Yule bwana na wenzake walikuwa wamejichongea njia ya mbio ya vumbi chini ya majabali, nje kidogo ya mji, na wote walikuwa na pikapu, wengine malori. Walikuwa wamempa onyo. Gari lake lilimwaga oili njiani, la nyuma likateleza likapinduka, na sasa likidondosha tena, hata mara moja, halitaruhusiwa kukimbia. Mafundi wawili walikuwa wameshashindwa. Nilijua wazi nilichokuwa nakitafuta pale: gari lile likitoka kwangu kavu, mbele ya macho ya wote wale, pikapu zitaanza kuingia getini kwangu. Likitoka linadondosha, nitatengeneza mashine za salfa mpaka nife.

Injini ya namna ile ina pampu ndogo mbele, inazungushwa kwa mkanda, na kazi yake ni kunyonya hewa iliyomo tumboni mwa injini. Hewa ikipungua mle ndani, ringi za pistoni zinakaa vizuri na gari linapata nguvu. Sawa. Lakini hewa inayonyonywa lazima itokee mahali, na inatoka na ukungu wa oili. Aliyeifunga pampu ile huko lilikotoka gari alichukua mpira wa kutolea hewa, akauingiza kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, akaifunga chupa kwa waya, akaziba mdomo wake kwa tambara, akapokea ujira wake, akaenda zake. Chupa ilikuwa imeyeyuka ubavu mmoja. Nilipoiona nilitoa tusi ambalo sitaliandika hapa.

Kwenye ua ule sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mzee wa kuchomelea vyuma, mtu wa kwetu Newala, aliyejifunza kazi ujanani kwenye karakana za misheni ya Ndanda. Alikuwa na umri wa baba yangu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua miwani yake kutoka kwenye kazi, na huo ndio ulikuwa urafiki wetu. Hakuna mtu mwingine Masasi nzima aliyeniita fundi bila kutabasamu.

Kosa la kwanza tuliligundua pamoja siku ya pili. Mpira wa kunyonyea ulikuwa umefungwa kwenye kava la juu la injini, pale pale ambapo oili hurushwa vyuma vikizunguka. Pampu haikuwa inanyonya hewa, ilikuwa inakunywa oili. Nikauhamishia nyuma, pembeni, na kwa ndani mzee akachomelea kibati cha kukinga matone. Halafu tukahitaji chombo cha kupokea kile kinachotolewa na pampu: ukungu uingie, oili ibaki chini, hewa itoke juu. Mzee akatengeneza kidumu cha chuma, nusu ya dumu la lita tano, tukakijaza stiliwaya ya kusugulia masufuria ili oili inase humo. Chini akaweka nati ya kumwagia. Juu akachomelea mdomo alioukata kwenye tangi kuukuu la mashine ya salfa. Mdomo huo ulikuwa na mfuniko wake wa kuzungusha, na mfuniko ule akaufunga kwa kicheni ili usipotee.

Nikamwuliza mfuniko wa nini, maana juu panatakiwa pawe wazi, hewa itoke.

"Mwanangu," akasema, "chombo kinakaaje bila mfuniko? Gari likilala, vumbi je? Panya je?"

Mtu mwingine angebisha. Nilipaswa kubisha. Lakini mimi ni mtu wa Newala na yeye ni mtu wa Newala, na kwa watu wa Newala dumu lisilo na mfuniko halijakamilika. Nikatengeneza chujio la sponji na wavu, linalokaa kwenye mdomo ule kama kizibo, hewa ipite na vumbi lisiingie. Tukakubaliana: gari likikimbia, chujio, gari likilala, mfuniko. Tulijiona tuna akili sana.

Tulilijaribu gari njiani kuelekea Lukuledi, mwenyewe akiendesha, mimi nimefunga kipande cha shuka jeupe juu ya chujio. Tuliporudi, kwenye shuka palikuwa na doa dogo kuliko kitufe cha shati. Chini ya gari hapakuwa na tone. Nilipitisha kiganja kwenye injini yote, kikatoka na vumbi tu. Yule bwana akatazama shuka, akanitazama mimi. "Kumbe unaweza," akasema. Hata siku hiyo hakuniamkia, lakini nilifurahi, na leo naona aibu jinsi nilivyofurahi.

Siku ya mbio upepo ulikuwa mkali. Watu walijaa, magari yao yamepangwa kandokando ya shamba la mihogo, na mimi nilikuwa nayahesabu kama yangu: ile pikapu nyeupe, ile ya bluu, lile lori. Gari letu lilizunguka mara mbili bila tatizo. Mara ya tatu nikaona moshi unatoka kwenye boneti. Kisha pakasikika mlio kama wa tairi kupasuka, kioo cha mbele kikawa cheusi, na gari likaacha njia likaingia kwenye mihogo huku boneti inawaka upande mmoja.

Watu walikimbia na mchanga, wakauzima moto. Mwenyewe alitoka kupitia dirishani, uso umejaa oili, mkono mmoja umebabuka, anakohoa na kutukana kwa pamoja. Mimi sikumtazama yeye. Nilifungua boneti kwa tambara, nikatazama kidumu. Kilikuwa kimevimba. Mpira wa kutoka kwenye pampu ulikuwa umechomoka na kumwaga oili yote juu ya eksozi. Na mdomo wa juu ulikuwa umefungwa kwa mfuniko, umekazwa vizuri, kicheni kimetulia pembeni yake.

Nikageuka. Mzee alikuwa nyuma yangu. Asubuhi nilimwona amesimama karibu na gari lile akiwa na tambara mkononi, na hilo lilinitosha.

"Umefunga!" nikapiga kelele. "Umefunga mfuniko wako!"

"Sijaugusa, mwanangu."

"Nani mwingine? Nani aliyeng'ang'ania mfuniko? Nilikwambia pawe wazi! Umetaka kumuua mtu kwa ushamba wako, mzee mzima huoni hata unachofunga!"

Niliyasema hayo mbele ya watu wote wale, wenye pikapu na wenye malori, na sauti yangu ni ya mtu aliyezoea kuongea juu ya injini inayounguruma. Ushamba. Mimi, niliyezaliwa umbali wa mashamba mawili ya mihogo kutoka kwao, nilimwita mshamba. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Yule bwana akasema huku anafutwa uso, "Mzee huyo asiguse tena gari langu." Nami nikasema, "Hataligusa." Nilisema haraka sana. Nilikuwa naziokoa pikapu zangu.

Mchana ule ule, gari likiwa limevutwa mpaka uani kwangu, nilitaka tambara la kufuta mikono. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, nikakuta kitu laini chenye wavu. Lilikuwa chujio.

Nilikaa chini palepale kwenye oili. Ikanijia yote, kipande kwa kipande. Asubuhi, kabla ya mbio, nilikuwa nimemwaga oili kidogo iliyokuwemo kwenye kidumu, nikachomoa chujio nilikung'ute vumbi. Upepo ukaja na wingu zima la mchanga kutoka shambani. Nikageuza uso, nikatia chujio mfukoni lisichafuke, na mkono mwingine ukafanya ulichofundishwa. Ukatafuta mfuniko, ukauzungusha, ukaukaza. Sikuuona ukifanya. Sikuwa na haja ya kuuona.

Mama yangu ndiye aliyeufundisha. Tulikuwa tunateremka bondeni kuteka maji, kurudi ni kupanda mlima na dumu kichwani, jua linakuchoma kisogo. Siku moja, nikiwa na miaka minane au tisa, nilifika nyumbani nikatua dumu langu mlangoni nikaliacha wazi, nikaenda kucheza. Kuku akarukia, dumu likaanguka, kijito chembamba kikapita uani na ardhi ikakinywa chote. Mama alinipiga kofi moja, akachukua dumu tupu, akateremka tena bondeni mwenyewe, na alikuwa mjamzito. Tangu siku hiyo mkono wangu haujaacha kitu wazi. Chumvi, mafuta ya taa, petroli, kalamu ya wino. Mume wangu hunicheka kwamba nitakuja kumfunga yeye mdomo kwa mfuniko.

Nilikasirika na mama, ambaye amelala kaburini na hana kosa. Nilimkasirikia mzee kwa kicheni chake, na yule bwana kwa mdomo wake, na upepo. Siku tatu nilimkasirikia kila mtu isipokuwa aliyestahili, na kwa siku hizo tatu benchi la mzee lilikuwa tupu na mashine yake ya kuchomelea imefunikwa kwa gunia. Kila asubuhi nilijikuta nimesimama mbele ya benchi lile na shikamoo mdomoni.

Siku ya nne yule bwana akaja, mkono umefungwa bendeji, na nyuma yake pikapu ile nyeupe ya mwenzake, nayo inahitaji matengenezo. Nilielewa. Alikuwa ananiletea kile nilichokitaka. Akasema ameona kosa halikuwa langu, kazi yangu ilikuwa safi, tatizo ni yule mzee. Nitafute mchomeleaji mwingine, kidumu kitengenezwe upya, tuendelee.

Nikatoa chujio mfukoni, nikamwekea kiganjani. "Nilifunga mimi," nikasema.

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamweleza upepo, mfuko, mkono. Akacheka, kicheko kile cha mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo. "Mama, nenda kapike," akasema. Akaondoka, na pikapu nyeupe ikageuza nyuma yake bila kuzima injini. Jioni walikuja kulivuta gari lao la mashindano. Kidumu walikifungua wakakitupa mlangoni kwangu.

Siku iliyofuata nilipanda kwenda Newala. Mzee alikuwa amerudi kwake, amekaa kwenye kigoda anatengeneza jembe. Mkewe alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa kwenye kikombe, nikajua yametoka wapi na nikayanywa yote. Nikapiga goti, nikatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, kwa sababu shikamoo haikataliwi, lakini macho hakuinua.

Nikamweleza. Nikamwomba radhi. Nikamwambia na yule bwana nimeshamwambia.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Nilikuona ukifunga. Nikafikiri unakung'uta chujio, utarudisha. Nilikuwa nasubiri urudishe."

"Kwa nini hukunikumbusha?"

"Ningekwambia ukanijibu vizuri?"

Nilijua sivyo ningejibu. Siku ile asubuhi nilikuwa nakemea kila aliyenikaribia. Na huyu mtu, aliyejua ukweli wakati ninamtukana, hakuusema. Hilo nalo likanikasirisha, nikamwambia. Nikamwambia angenisema palepale tukamalizana.

Hapo ndipo akainua macho, na nikaona kwamba mzee yule mpole alikuwa amekasirika kuliko mimi. "Ningekusema mbele ya wale, nani angekuletea kazi tena?" akasema. Kisha akasema polepole, kwa Kimakonde, ili nisidhani anatania: "Umenitukana mbele ya watu. Radhi ya chumbani siitaki. Kaniombe pale pale, mbele ya wale wale."

Nilirudi Masasi nimekunja uso njia nzima. Wiki mbili nzima nilijitafutia sababu za kutokwenda. Halafu siku ya mbio nyingine nilivaa ovaroli, nikaenda chini ya majabali. Mzee nilimkuta ameshafika, amesimama peke yake kwenye ukingo wa shamba la mihogo, mikono nyuma. Hakunisogelea. Gari la yule bwana lilikuwa limepakwa rangi upya, limeletwa kuombewa nafasi ya mwisho, na chini ya boneti niliona chupa ya plastiki, nyingine, imefungwa kwa waya. Chini yake tayari palikuwa na doa. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kuing'oa ile chupa kwa meno.

Badala yake nikasimama mbele ya magari na kupaza sauti ile ile. Nikasema mimi ndiye niliyefunga mfuniko siku ile. Nikasema mzee huyu hakugusa kitu. Nikasema nilimwita mshamba na mshamba ni mimi. Wengine walicheka, wengine waligeuka kutazama magari yao. Mwenye pikapu nyeupe aliwasha sigara. Nilipomaliza nilimtazama mzee, naye akaitikia kwa kichwa, mara moja, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani kama mara ya kwanza. Nilibaki nimesimama pale, nimewapoteza wote, nina hasira na machozi, na sikujua kama nimempata hata yeye.

Jumatatu nilipofungua geti, gunia lilikuwa limeondolewa kwenye mashine ya kuchomelea. Mzee alikuwa benchini, ameinamia drili.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema, bila kuinua miwani.

Akapuliza unga wa chuma, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mkononi alikuwa na ule mfuniko, umetobolewa matundu, mengi, madogo, yamepangwa vizuri, na kwa ndani ameweka wavu na sponji. Kidumu chetu kilichotupwa kilikuwa mbele yake, kimenyooshwa uvimbe, kimesuguliwa.

"Funga," akasema.

Nikaushika mfuniko, nikauzungusha, nikaukaza kwa nguvu zangu zote. Naye akainama, akaweka mdomo wake kwenye tundu la kuingizia mpira, akapuliza. Pumzi yake ikapita kwenye stiliwaya, ikapanda, ikatokea juu, kati ya vidole vyangu.